Chumba Alichochagua Mama

Mwananyamala,
Dar es Salaam.
Jumapili, 15 Februari.

Mdogo wangu Mauwa,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako ya juzi niliipokea, na marahaba nairudisha hapa kwa mkono wangu, maana zile za kwenye simu huwa nahisi zinapotelea njiani. Natumaini barua itakukuta mzima, baridi ya huko haijakumaliza, na wale wazee unaowatunza hawakusumbui kupita kiasi. Pole kwa mtihani na hongera kwa kuumaliza. Huku mimi sijambo, ndugu yetu Nurdin hajambo, na watoto wake wanaendelea kuvunja vikombe. Salamu za mama zipo, ila nimeziweka mwisho, kila kitu na mahali pake. Nakujua tangu utotoni, ulikuwa unamaliza nyama kabla ya kugusa ugali. Safari hii nakuomba kama dada yako usome kwa mpangilio nilioandika.

Utashangaa kuona karatasi wakati tunaandikiana kwenye simu kila siku. Kuna maneno ambayo sikuweza kuyaandika kwa kidole gumba. Bwana Erasmus, muuza spea mwenye fremu jirani na steshenari yetu, anakuja huko Japani kuchagua injini, nami nimempa bahasha hii pamoja na kifurushi cha nguo. Kifurushi usikifungue kabla hujamaliza kusoma. Na kama uko kwenye treni, ikunje barua mpaka ufike chumbani kwako.

Nianzie Novemba, ulipotutumia picha za zile nyumba tano za wageni. Uliniandikia kwamba umeomba likizo ya Aprili ili mama aje akuone, na kwamba siku mbili kati ya hizo unataka alale katika nyumba ya wageni ya kizamani ya Kijapani, zile za kifahari, ambamo mgeni anatandikiwa godoro chini wakati anakula, anavalishwa joho lao na anaoga maji ya moto yanayotoka ardhini. Ulisema miaka sita hujamwona mama na hutaki kumchagulia hata mto. Achague mwenyewe, ila afanye haraka, kwa kuwa vyumba vya msimu wa maua vinagombaniwa. Niliona jinsi unavyolitaka jambo hili. Nami nililitaka, ingawa nilikutania kwamba mama akifika huko atauliza kitanda kiko wapi.

Kwenye simu macho yake hayakushika kitu. Nikachapisha zile picha dukani, karatasi tano za rangi, nikamletea Ijumaa nilipotoka kazini. Mama alizipanga juu ya mkeka, akavaa miwani, akazitazama moja moja. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Nani kafa?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Halafu nikazitazama upya zile karatasi kwa macho yake, na kicheko kikanikauka. Hakuna kochi, hakuna kitanda, hakuna kabati. Mikeka ukuta kwa ukuta, magodoro chini, viatu mlangoni, meza moja fupi imesogezwa pembeni. Huku kwetu nyumba haiwi hivyo isipokuwa imefiwa na watu wanalala matanga. Nilimweleza kwamba huko ndiyo raha yenyewe, matajiri wanapigania kulala hivyo. Akasema basi matajiri wana mambo yao, lakini akaniomba taa niiwashe, azitazame vizuri.

Sasa wewe unajua kazi ya mama, ila umekaa mbali na huenda umesahau inavyomjaza mtu. Miaka thelathini hakuna mwanamke wa Kiislamu aliyefariki mtaa huu ambaye maji yake ya mwisho hayakupita mikononi mwa mama. Akiingia chumba chochote, hata chumba cha harusi, jicho lake linatafuta kwanza maji yataingilia wapi na yatatokea wapi. Ndivyo alivyozichagua nyumba zako, Mauwa. Mimi na wewe tulidhani anachagua pa kupumzika.

Ile ya kwanza, ya mlimani, aliisukuma akisema mikeka yake haijawahi kulaliwa na mtu, ni ya kupigia picha tu. Ile ya pili ina bwawa ambamo wageni wanaoga pamoja, na nilipomwambia kwamba wanaingia bila hata kitambaa alivuta midomo. Akasema, "Mie kuoga mbele ya watu baki siku ni moja tu, na siku hiyo sitaona haya." Ya tatu alisema ina unyevu, eti inanuka. Nikamwambia mama, hii ni karatasi, inanuka wino wangu. Akaiweka kando. Ya nne aliigeuza kifudifudi haraka, na hakutaka kuizungumzia mpaka tulipokuwa tunakunywa chai, ndipo akaniambia kwamba mle ndani kuna mtoto hawajamtoa. Nilimuuliza hawajamtoa nini. Akaniambia ninywe chai.

Ile ya tano aliiweka mapajani. Hiyo, unakumbuka, ndiyo yenye chumba chenye bafu lake la mbao, sakafu ya vipande vya ubao vilivyoachiana nafasi ili maji yapite chini. Mama alipitisha kidole kwenye zile nafasi. Alisema hawa watu wanajua kazi, hapa maji hayatuami. Kisha akanionyesha ule mlango wa karatasi ulio nyuma, ambao umeachwa wazi kidogo, upana wa kiganja. Akasema yule bibi aliyepiga magoti nyuma ya mlango ni mwenzake, ameutambua mkono wake, mkono uliokaa sana majini. Nikaichukua karatasi, nikaisogeza kwenye taa. Nimeitazama siku ile na nimeitazama tena mara nyingi tangu hapo. Nyuma ya mlango pana giza tu, Mauwa. Hakuna mtu.

Nilikuandikia jioni ile kwamba mama amechagua ya tano. Ukanitumia vicheko na mioyo, ukasema ndiyo uliyoitaka na wewe. Nyumba hiyo ikashikwa kwa majina ya watu wawili. Sikukueleza habari ya bibi wa mlangoni. Nilijiambia mama amechoka, na mimi si mtu wa kuendekeza mambo hayo. Unanijua, mimi nikisikia paka juu ya bati nasema paka.

Jumatatu yake mama alimwita Nurdin atoe makochi sebuleni. Alisema anataka kujizoeza kulala chini ili asije akakuaibisha. Nurdin akacheka, akayatoa, akayapanga barazani pamoja na ile meza ya kioo na kabati la televisheni. Tukafagia, tukatandika mikeka yote ya nyumba, godoro moja katikati, na mama akakaa juu yake ameegemea ukuta, akaonekana ameridhika kuliko nilivyomwona siku nyingi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria makochi barazani yanasema nini kwa mpita njia. Haikupita nusu saa Genoveva, mama Brightson wa nyumba ya pili, akaingia amejifunga kanga kiunoni, analia, na chupa ya chai mkononi. Nyuma yake wakafuata wengine watano, na mwanamume mmoja akaanza kuuliza turubai linatoka wapi. Nilitamani ardhi inimeze. Nikawaeleza kwamba hakuna msiba, ni mazoezi ya safari ya Japani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwehu. Mama ndiye aliyewakaribisha. Aliwakalisha kwenye mikeka, akawamiminia chai ile ile waliyokuja nayo, akawaonyesha picha ya chumba chake. Walipoondoka, wanacheka na kufuta machozi, alinigeukia akasema, "Wamewahi kidogo, lakini si neno." Nikamwambia aache utani huo. Makochi hakukubali yarudishwe.

Mauwa, sasa kaa chini.

Mama alifariki Alhamisi tarehe nne Desemba. Nilimpelekea uji asubuhi nikamkuta pale pale katikati ya sebule, amelala ubavu wa kulia, kichwa kaskazini upande wa kibla kama alivyozoea siku zote, mkono chini ya shavu. Alikuwa ameshapoa. Hakuugua, hakulalamika, na usiku wake alikula vizuri. Tulimzika siku ile ile baada ya alasiri, makaburi ya Kinondoni. Hatukuwa na haja ya kuhamisha hata kiti. Sebule ilikuwa tayari, na watu walipoingia niliona ni kile chumba chako cha tano, mikeka ukuta kwa ukuta na viatu mlangoni. Genoveva alisimama kizingitini akashindwa kuingia.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Lia kwanza, kisha rudi kwenye barua. Nitakusubiri.

Utanichukia, na una haki. Lakini usikie ilivyokuwa. Jioni ya kabla yake, baada ya magharibi, mama alikuwa anakunja nguo akaniambia mambo mawili bila kunitazama. La kwanza, litokee lolote, Mauwa asiambiwe mpaka amalize mtihani, kwa sababu akifeli watamrudisha na miaka sita yote itakuwa imekwenda na maji. La pili, nafasi yake katika ile nyumba isifutwe, amekwisha ahidi. Nilidhani ni maneno ya mtu mzima anayependa kuagiza. Asubuhi yakawa wosia.

Basi ukoo mzima ulifunga mdomo. Tulifungua kundi jingine la simu bila wewe, na shangazi wote wa Masasi waliapa. Nilikuambia mama amekwenda Masasi kwenye korosho, kijiji hakina mtandao. Ile sauti yake uliyoipokea mwaka mpya, inayosema umesikika mwanangu, kula ushibe, ilikuwa ya mwaka juzi, niliitoa kwenye simu yake ya zamani. Pasi ya kusafiria niliyokuambia imetoka haikutoka, kwa kuwa sikuiomba. Ulipofurahia ile sauti niliingia chooni dukani nikaziba mdomo kwa kanga. Nimesema uongo mwingi maishani, Mungu anisamehe, lakini hakuna ulioniuma kama ule. Mtihani umepita wiki tatu sasa, sina tena kisingizio.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya ninalokiri. Nusu ya pili hakuna aliyeisikia, hata Nurdin.

Unajua kwamba mama alinifundisha kuosha, na kwamba mimi nilikuwa nakwepa. Siku ile wanawake wenzake walikuja wakitaka kumwosha wao, nikakataa, nikasema mimi ndiye binti mkubwa na nitaongoza mimi. Kiburi tu. Maagizo yake nayajua kama jina langu. Maji yawe ya vuguvugu, kwa kuwa maiti anaheshimiwa kama mtu aliye hai, na mkono uanze upande wa kulia. Wenzake walipotoka kufuata karafuu maiti na pamba, nilibaki naye peke yangu, mikono inatetemeka. Nilimimina maji bila kuyachanganya, yakiwa baridi ya bomba, na nikaanza kushoto. Nilijua nimekosea pale maji yalipomgusa bega. Nikaendelea. Waliporudi nilijifanya kila kitu kiko sawa. Baadaye nilimuuliza shehe, nikasema ni swali la mtu mwingine, akanijibu kwamba kuanza upande wa kulia ni sunna, josho limetimia, mtu huyo asijisumbue. Nilimshukuru. Moyo wangu haukumwelewa.

Siku nne baada ya mazishi ukanitumia ile fomu ya nyumba ya wageni, kwamba wanataka habari za mama. Niliijaza kazini. Mauwa, mimi najaza fomu za watu tangu asubuhi hadi jioni, za pasi, za vyeti, za mikopo ya wanafunzi. Siachi nafasi wala siongezi neno. Niliandika jina lake, urefu wake kwa ajili ya joho, kwamba hali nguruwe wala kitu chenye pombe. Mahali pa maombi mengine ya mgeni niliacha patupu, kwa kuwa ningeomba nini. Nikaituma kwao moja kwa moja, nikachapisha nakala kama ninavyofanya kwa kila mteja. Ninayo hapa mbele yangu, na pale pameachwa patupu.

Wiki moja baadaye ukaniandikia unacheka. Ulisema nyumba imekujibu kwa adabu nyingi, inaomba radhi kuuliza, kwamba mgeni ameandika kwa Kiswahili nao wametafuta mtu wa kuwatafsiria, na wanataka kuhakikisha wameelewa. Ukaninakilia maneno yenyewe waliyoyapokea: "Mto wangu uelekee kaskazini. Maji yawe ya vuguvugu, na mkono uanze kulia." Ukanieleza kwamba Wajapani wamestaajabu, kwa kuwa kwao kichwa hulazwa kaskazini kwa maiti tu, na wageni wote hutaka maji ya moto, na hawakuelewa mkono gani uanze. Wewe ukawaambia mama yako ana mambo ya kizee, wafanye alivyosema. Ukamalizia kwamba mhudumu wao mkongwe, bibi wa miaka themanini na zaidi, ambaye siku hizi hatoki nyuma, alipoonyeshwa fomu alisema yeye ameelewa, na kwamba maji hayo atayaandaa mwenyewe.

Uliniuliza kwa nini sikukujibu siku mbili. Ndiyo hiyo sababu. Nilikuwa nimekaa sebuleni juu ya mkeka na ile nakala mkononi, nikiitazama sehemu niliyoiacha tupu. Maneno yale wewe huyajui, hukuwahi kufundishwa kazi ile. Nurdin hayajui. Na kosa langu nililijua mimi peke yangu, na aliyekuwa amelala mbele yangu.

Nimeogopa, Mauwa, siwezi kukuficha. Nilijaribu kurudisha makochi baada ya arobaini. Nurdin aliyaingiza, tukakaa jioni moja kama watu. Asubuhi nilipoamka mikeka ilikuwa imetandikwa juu yake, juu ya makochi, kwa unadhifu wa mama, ncha juu ya ncha. Nurdin ananiambia ni mimi niliyetandika usingizini. Huenda. Yamerudi barazani, na majirani wameacha kuuliza.

Lakini nikikaa nalo sana, hofu inapungua na inabaki aibu. Mama hakuja kunitisha. Mama hajawahi kuacha kazi ikiwa imefanywa vibaya. Unakumbuka alivyokuwa akikurudisha ufagie upya uani, bila kugomba, anakupa tu fagio. Nadhani ndicho anachonifanyia.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Tiketi ya mama uliyosema utaikata wiki hii, usiikate. Lakini chumba usikifute. Nenda Aprili kama ulivyopanga, wewe peke yako. Waache watandike magodoro mawili, na la pili mto wake uelekee kaskazini. Katika kifurushi kuna kanga yake ile ya mwisho, sijaifua. Itandaze juu ya godoro hilo. Bibi yule akija kuandaa maji, usimzuie na usimuulize, na kama una la kumwambia, mwambie Hamida wa Mwananyamala anaomba radhi, alikuwa na haraka na mikono ilikuwa inatetemeka. Yeye ataelewa. Kisha, ukiona yamekwisha, niandikie neno moja tu, nami nitarudisha makochi ndani.

Sasa nimefika kwenye salamu, nilizokuahidi mwanzoni. Jioni ile ya mwisho, alipomaliza kukunja nguo, aliniagiza nikufikishie. Nilimsahihisha neno la mwisho, akaniambia mimi ndiye nisiyezijua nyumba zile. Nakuandikia kama alivyolitamka yeye. Alisema, "Mwambie Mauwa mie nitafika kabla yake. Akija abishe hodi kwanza, asivamie. Huenda atanikuta bado naoshwa."

Nurdin anakusalimu sana na watoto wanauliza shangazi yao atawaletea nini. Genoveva anakupa pole. Mfungo unakaribia, jitunze, usile vitu baridi. Nisamehe, mdogo wangu, ukiweza, na hata usipoweza bado mimi ni

Dada yako akupendaye,
Hamida.